Nyasi Kwenye Seng'enge ya Wamalwa

Siku Wamalwa alipomwona Naisenya kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama nje ya seng'enge ya ploti yake huko Kitengela, ameshika nyasi kavu mkononi, wala habishi hodi. Alisimama tu, shuka jekundu begani, macho hayatulii: mara kwenye nyumba, mara kwenye udongo, mara kwenye mti wa miiba uliokuwa pembeni, ambao Wamalwa aliuacha kwa sababu ya kivuli. Mwisho macho yakaenda kwenye kizimba cha sungura, yakakaa hapo.

Mtu mwingine angetoka nje aulize anatafutwa nani. Wamalwa hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi wa mbao, hodari wa randa na msumeno, lakini mbele ya mgeni ulimi wake uligeuka gogo. Alirudi ndani akachungulia pembeni mwa pazia. Akamwona mama anainama, anachomeka zile nyasi kwenye seng'enge kwa utaratibu, kisha anaenda zake bila kugeuka nyuma.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ukame. Ng'ombe walikuwa wakifa njiani, na wengine waliswagwa hadi mitaa ya Nairobi wakatafute majani kando ya barabara. Nyasi zilitafutwa kama dawa. Basi mtu gani mwenye akili timamu angezibeba nyasi zake akaziache kwenye uzio wa mtu asiyemjua?

Aliyempa jibu ni Jacinta, mwenye kioski ng'ambo ya barabara, ambaye hakuna jambo lililopita pale bila yeye kulipima.

"Huyo ni mke wa mzee aliyeuza hizi ploti zote," Jacinta alimwambia. "Boma lao lilikuwa hapo hapo unapolala. Jichunge, Baba Nasike. Hawa huja kuangalia kwanza. Savea wa kupima ardhi anakuja baadaye."

Maneno hayo yalimwingia Wamalwa kama msumari kwenye mbao laini. Miaka ya nyuma aliwahi kununua shamba kule Kiserian, akachimba hata msingi, ndipo akatokea mmiliki mwingine mwenye karatasi kama zake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alichukua kijiti, akazisukuma zile nyasi chini bila kuzigusa kwa mkono, akazichoma. Alijua kwao Bungoma mambo ya kurogana yanayoanza na majani yaliyofungwa langoni huishia wapi.

Siku chache baadaye, nyasi nyingine. Akachoma. Zikaja tena. Akachoma tena.

Kilichomkosesha usingizi hasa ni Pamba. Pamba alikuwa sungura mweupe wa binti yake Nasike. Mkewe Wilkister alikuwa nyumbani Bungoma akimtunza mama mkwe, kwa hiyo pale Kitengela walikuwa watatu tu: baba, binti na sungura. Baba alikuwa mtu wa haya na binti alimfuata, na jioni nyingi wasingeongea neno kama si Pamba. Nasike alipopata nafasi kwenye shule ya bweni huko Kajiado, alikataa kufunga sanduku mpaka baba yake aahidi. Hakuomba pesa wala viatu. Alisema neno moja tu: nikija likizo nimkute. Wamalwa akaahidi, na ahadi yenyewe ilikuwa ya kwanza kubwa aliyowahi kuombwa na mtoto wake.

Basi alimtunza Pamba jinsi kwao mgeni anavyotunzwa. Mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa. Ugali wa moto. Kabeji, ndizi mbivu. Nyasi kavu, kwa mawazo yake, ni za kuezekea na za ng'ombe, na kumwekea mgeni nyasi mbele yake ni kumwambia arudi alikotoka.

Shule zikiwa karibu kufungwa, asubuhi moja alimkuta Pamba amejikunja pembeni mwa kizimba, tumbo limekaza kama ngoma, meno yanasaga pasipo kitu mdomoni. Mkate haujaguswa. Chini hapakuwa na kinyesi hata kimoja. Na pale upande wa seng'enge, kati ya waya na waya, palikuwa na unyasi mmoja umeng'atwa nusu.

Damu ilimpanda. Kumbe ndiyo mpango. Kwanza sungura, kisha mwenye sungura, kisha ploti.

Hakwenda kazini siku hiyo. Alikaa nyuma ya lango mpaka alipoliona lile shuka jekundu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Wamalwa alifungua lango akaanza yeye kuongea.

"Mama, umempa nini mnyama wa mtoto wangu?"

Naisenya alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. Mkononi alikuwa na nyasi kama kawaida yake.

"Kwanza watu husalimiana. Supa."

Wamalwa hakuwahi kujifunza salamu hiyo ya Kimaasai.

"Sema epa."

"Epa," alisema Wamalwa, na hasira yake ikapungua nguvu papo hapo, maana ni vigumu kugombana na mtu aliyekufundisha salamu sasa hivi.

"Mnyama sijampa kitu," Naisenya alisema. "Nyasi nilikuwekea wewe. Kwetu mtu akikuja na nyasi kwa mkono, anasema hajakuja na vita. Niliweka, ukachoma. Nikasema labda huyu hajaona vizuri, nikaweka tena. Majivu nimeona, Baba Nasike. Mtu wa kuchoma amani ya mwenzake, sijawahi ona."

Wamalwa akauliza, kwa sauti iliyokwisha kuwa ndogo, sasa amani hiyo ilitaka nini. Naisenya akanyoosha kidole kwenye ule mti wa miiba. Ulikuwa olkiloriti, alisema, na mzee wake tumbo halikubali chakula bila supu iliyochemshwa na maganda yake. Mingine yote ya karibu imekatwa makaa. Alitaka maganda kidogo ya matawi, basi.

Wamalwa hakuamini yote. Alijiambia kwamba anayetaka ploti nzima anaweza kuanza na ganda la mti. Lakini Naisenya alikuwa amekwisha kumpita, amechuchumaa mbele ya kizimba, anaangalia ile sahani.

"Mkate na chai? Kwani huyu ni karani?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka. Kisha akaacha kucheka, akaingiza mkono, akapapasa tumbo la Pamba polepole, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba sungura wa porini, enkitojo, amemwona akila nyasi za hapo tangu yeye mwenyewe akiwa msichana, hata mwaka usio na mvua. Tumbo la sungura, kama la ndama anayeachishwa maziwa, lataka kitu kigumu cha kusukuma. Likipewa laini tupu, chakula hulala ndani.

"Toa hii mkate yote. Wacha maji na nyasi. Akikataa, changanya na kitu anapenda harufu yake. Na usimwekee kwa sahani kama mgeni. Wacha avute mwenyewe."

"Kula wewe kwanza," Wamalwa alisema.

Naisenya akatafuna unyasi, akamtazama machoni. Akamkabidhi mwingine. Wamalwa akautafuna. Kule kioski Jacinta alisahau mteja dirishani, akiwaangalia watu wazima wawili wakila nyasi.

Mama aliondoka na maganda yake. Wamalwa akabaki na Pamba, na wazo baya: mtu anayetaka kummaliza mnyama angesema maneno hayo hayo, mwondolee chakula chake. Lakini mkate haukuwa umemsaidia. Akauondoa. Akaweka nyasi, Pamba akazipa mgongo. Akachukua vipande vyembamba vya mbao, akatengeneza tundu dogo lenye mapengo, akazijaza nyasi humo, akazisugua kwa majani ya dania yaliyopondwa, kwa sababu Pamba aliipenda dania kuliko ndizi. Kisha akakaa kwenye kigoda akisubiri, kama mtu aliyeko mahakamani.

Jua likishuka, pua ya Pamba ilianza kucheza. Akasogea. Akavuta unyasi mmoja wenye dania, akauacha. Akavuta tena. Baadaye akavuta mwingine ambao haukuwa na dania, na sauti ya kutafuna ikasikika. Kesho yake chini ya kizimba palikuwa na vidonge vikavu, vya mviringo, kama mbaazi. Wamalwa hakuwahi kufurahia uchafu namna hiyo.

Tangu hapo Naisenya alikuja na nyasi, akaenda na maganda. Shaka haikumtoka Wamalwa kwa mkupuo mmoja. Kila mama akiondoka, yeye alizunguka kukagua mawe ya mpaka kama hayajasogezwa. Ni Jacinta, safari hii akiwa ameinamisha macho, aliyemwambia nyasi zile zilitoka wapi: kwenye olokeri, kile kipande kinachozungushiwa uzio kwa ajili ya ndama tu. Alizokuwa akichoma zilikuwa chakula cha ndama wa mama yule, katika mwaka ule. Siku hiyo hakukagua mawe.

Nasike aliporudi likizo hakumsalimia baba kwanza. Alikwenda kizimbani, akamkuta Pamba akivuta nyasi kwa nguvu mpaka mbao zinatikisika. Aliuliza nani alimfundisha kula hivyo. Wamalwa akasema ni jirani, na neno hilo likamshangaza alipolisikia likitoka kinywani mwake.

Mvua za mwezi wa nne hazikutosha. Mzee wa Naisenya akaamua wahamishie mifugo upande wa Namanga, ikibidi wavuke mpaka. Asubuhi ya kuondoka mama alipita na mzigo wa nyasi uliobaki, na Wamalwa alikuwa amekwisha kumfungulia lango kabla hajafika. Alimpa maganda, aliyokwisha kuyaanika na kuyafunga kwenye gunia safi. Akamwambia supa, naye akajibu kwa kicheko. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho kumwona.

Akitoka siku hiyo, Naisenya alifika langoni, akasita, akageuka kukitazama kizimba, kisha akamtazama Wamalwa kwa macho yale yale ya siku ya kwanza.

"Nyinyi watu wa Bungoma nawajua, sungura mnakula," alisema. "Nikirudi nimkute hapo. Hapo, Baba Nasike, si kwa sufuria."