Mizabibu Kwenye Kinyungu cha Apolonia

Liberatus alikuwa mpishi wa misheni miaka minane. Alipoacha kazi mwaka 1952 alirudi bondeni kwetu, nyuma ya vilima vya Kilolo, na vitu viwili: vipandikizi vya mizabibu ndani ya gunia lililoloweshwa, na majivuno. Divai ya misa, alisema, haitatoka tena Ulaya. Itatoka kwake.

Kwetu mianzi huchuruzika ulanzi, pombe yetu, yenyewe. Unakata ncha, unatega kibuyu, unakwenda zako. Lakini Liberatus hakutaka kinywaji kisichomtesa. Akang'oa maharage yote kwenye kinyungu cha mkewe Apolonia, lile shamba la bondeni lenye unyevu lililowalisha miezi ya njaa, akapanda mizabibu.

Padre wa misheni alikuwa amemwambia kwamba kwao Italia hupogoa mwezi wa tatu. Basi naye akapogoa mwezi wa tatu. Machipukizi yakatoka mazuri, yakarefuka, na mwezi wa saba sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ikatanda nyeupe bondeni ikayaunguza yote. Mwaka wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Watoto wake wakala maharage ya kuomba, na mimi jirani yao nilikuwa mmoja wa walioombwa.

"Baba Benedicta," Apolonia alimwambia mbele yangu, "mwezi wa tatu sisi baridi ndiyo inakuja. Kata ikiisha."

"Wewe umefika Italia?"

"Na wewe je?"

Bwana mkubwa akaendelea na upumbavu wake.

Mwaka wa nne baridi ilipokatika, mwezi wa nane, Apolonia aliupogoa upya mstari mmoja, kimya kimya. Ukazaa. Mvua iliozesha nusu ya zabibu, zilizobaki zikatoa chupa mbili. Padre akaonja, akafurahi, akamtaja Liberatus kwa jina kanisani, akamwomba chupa sita za Pasaka ijayo, askofu atakapokuja. Liberatus akainamisha kichwa kama mtakatifu. Alijua fika ni mkono wa nani; aliziona alama za kisu. Hakumtaja mkewe. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote, na Apolonia alikuwa pale pale, benchi la akina mama, anasikia.

Mwezi wa nane uliofuata Apolonia hakugusa tawi hata moja. Liberatus alizungukazunguka kinyunguni na kisu mkononi, machipukizi yameungua tena, hajui akate leo au kesho, wala aache macho mangapi ya kuchipua. Asubuhi moja akamkuta mkewe anaung'oa ule mstari uliozaa.

"Mama Benedicta! Mstari wako huo!" Ndiyo mara ya kwanza kuuita wake. "Ulikata lini? Ulikataje? Nionyeshe, askofu anakuja."

Apolonia hakuinua kichwa. "Shika jembe kwanza. Tunaanzia hapa, tunapanda maharage."

Akalishika.