Jogoo Aliyepelekwa Chanjo

Mama yangu ni Mzaramo aliyeolewa Kigwa, katikati ya Wanyamwezi. Tangu enzi za wapagazi wa misafara ya pwani, makabila hayo mawili ni watani. Ndiyo maana mama, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, hajawahi kutoa tangazo watu wasicheke.

Likizo moja nilifuatana naye kupita nyumba kwa nyumba. Kwa bibi jirani alimkuta mjukuu wa miezi tisa, mnene kama boga, anakula udongo.

"Kesho mlete huyu mume wako shuleni, nesi amchome sindano ya surua," mama akasema. "Msipokuja, nitamchoma jogoo wako."

"Toka hapa, Mzaramo we!" Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Mkwewe naye, mama wa mtoto, akacheka. Sisi tukaondoka tukicheka.

Kesho yake watoto walijaa darasani, yule tu hakuonekana. Walidhani ni utani. Na siku iliyofuata familia yao nzima ingehamia shamba la tumbaku, ndani kabisa porini, mpaka mavuno yaishe. Surua ilikuwa imeshasikika kijiji cha pili.

Nesi akafungua kisanduku cha chanjo, akagusa barafu. "Mama, inayeyuka. Nakusubiri kidogo tu."

Mama akashika mwavuli wake, akatoka, nikamfuata. Alikwenda kwa bibi mbiombio, akamkamata yule jogoo mwekundu uani, akamtia kwapani, akageuka. Mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa, unamfuata ukakikomboe.

"Mama, anaondoka naye kweli!" mkwe akamwita bibi kwa kelele.

Bibi akamtupia mtoto mgongoni, akafunga kanga njiani, mkwe nyuma yake. "Mwizi wa pwani! Rudisha kuku!"

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, wewe kubeba mtoto hadi shuleni unashindwa?"

"Na walipofika mkawalaza kwenye mbu!"

Mlangoni mwa darasa mama alisimama, akashusha sauti. "Bibi, hili la sindano si utani."

Bibi akamtazama, akamtazama mkwewe. Mkwe akampakata mwanawe, akamshika mkono, nesi akamchoma. Mtoto akalia kama king'ora.

"Lia, mume wangu," bibi akasema. "Jogoo kashindwa kukulinda." Kisha akamchukua jogoo wake, na mwavuli wa mama pia, kuwa fidia. Mama alirudi nyumbani juani, akiimba.

Siku ya chanjo ya pili, baada ya mavuno, bibi alifika wa kwanza, chini ya mwavuli uleule. Jogoo wake alikuwa amefungiwa ndani.