Fundi Karto wa Baraka

Simu ya shemeji yangu Saumu iliingia nikiwa bado juu ya mkeka, sala ya alfajiri imeisha. Alikuwa hospitali ya Nundu. "Shemeji, kaka yako ametuacha." Nikasema tulivyofundishwa kusema: sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Kisha nikatoka kuwaarifu majirani.

Kaka yangu Assani alitengeneza pikipiki hapa Baraka tangu kabla sijaanza sekondari. Walimletea zaidi zile kuukuu, ambazo vipuri vyake havipatikani tena. Ugonjwa wao karibu wote ni mmoja. Pale kabureta inaposhikana na injini kuna kipande chembamba cha kuziba, joint. Kikichakaa, hewa hupenya pembeni, injini inanguruma yenyewe bila kuguswa, kisha inazimika. Mafundi wengi hupaka pate, ile gundi nyekundu ya tyubu. Assani aliikataa. Alisema petroli huilainisha, ikameguka na kuziba vitundu vya ndani. Yeye alikata joint zake kwenye karto, ile karatasi nyembamba ngumu ya pakiti za biskuti. Alipaka oili mdomo wa kabureta, akaukandamiza juu ya karto, ukaacha alama, naye akaifuata alama kwa wembe.

Placide, fundi wa ng'ambo ya barabara na mtu wa pate, ndiye aliyemwita Fundi Karto.

"Karto ni ya biskuti, muzee!"

"Na rangi yako ni ya kucha za bamama."

Walitupiana maneno hayo miaka yote, huku wakiazimana spana.

Mwili ulifika kabla ya adhuhuri. Wakati unaoshwa, shehe alisimama uani akauliza, kama ilivyo desturi yetu: nani anamdai marehemu? Deni humfuata mtu kaburini. Ama lilipwe, ama lisamehewe, ama ndugu alibebe.

Casimir, Mkatoliki anayebeba abiria kwa pikipiki hadi Lweba, akainua mkono.

"Mi namudai. Moto yangu iko wazi pale kwake, kabureta imetolewa. Aliniahidi kuimaliza."

Mama mmoja akamkemea: "We Casimir, hauna haya? Mbele ya maiti?"

"Mama, mumeuliza, najibu. Ningesamehe. Lakini bibi yangu iko na mimba kubwa kule Lweba, na ni mi wa kumuleta hospitali."

Shehe hakumlaumu. Alinigeukia mimi. Nikasema deni hilo ni langu, ingawa hata kushika bisibisi sijui vizuri. Placide, aliyekuwa amekaa na waombolezaji, akainuka.

"Lete ufunguo wa kibanda chake."

Kibandani tulikuta kabureta ndani ya beseni, imekwisha kusafishwa. Kando yake palikuwa na karto yenye alama ya oili, haijakatwa. Placide alitoa tyubu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Nikipaka rangi kwa kazi yake, atarudi kunitukana."

Akachukua wembe, akaifuata alama polepole. Alipomaliza kufunga aliwasha injini, akatiririsha maji ya sabuni kuzunguka joint, kama Assani alivyofanya siku zote. Hewa ikiwa inapenya, sauti hubadilika. Tulisikiliza. Haikubadilika.

Casimir aliiendesha mpaka uani, akaizima mbele ya shehe. "Nimepokea kazi yangu. Assani hana deni kwangu." Akavua kofia, akakaa nasi.

Tulimsalia baada ya alasiri. Wanaume walipokezana jeneza hadi makaburini. Nilishuka kaburini pamoja na wajomba zetu wawili. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kuelekea kibla, tukalegeza vifundo vya sanda, tukapanga mbao. Kila mtu alitupa konzi tatu za udongo, Placide na Casimir pia. Shehe alisoma dua, tukaitikia amina. Tukanawa mikono. Casimir akawasha pikipiki, akaelekea Lweba, nasi tukarudi nyumbani kwa Saumu.