Mpira Niliouweka Ndani ya Kompyuta

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja huko mtaani Kansanga, na kila nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Hata sasa nimesimama.

Nilikuwa kijana wa mikono isiyotulia. Nilikuwa na kompyuta kuukuu, na kila nilipotia disketi, kile kisahani cha kuhifadhia maandishi, kichwa cha kusomea kilirudi nyuma kugonga chuma: ko, ko, ko! Ilinikera. Nikachukua bisibisi, nikafungua, nikabandika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli pale kinapogonga. Kimya! Nikajiona fundi wa mafundi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini mimi siku hizo wahenga niliwaonea huruma tu.

Jirani yangu, Mzee Bahati, alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Alikuwa ameitwa kuhojiwa kuhusu ombi lake la hifadhi, akaja nimwandikie yaliyompata mkewe na binti zake. Alisimulia siku mbili, macho sakafuni.

"Andika yote, mtoto yangu," aliniambia. "Ile maneno sitaki kuirudilia na kinywa tena."

Nikaandika, nikahifadhi kwenye disketi. Nyumbani ilisomeka vizuri kabisa. Mashine ya kuchapisha sikuwa nayo, kwa hiyo asubuhi ya mahojiano tukapitia duka moja la kompyuta, mtaa wa Kabalagala. Kompyuta ya kwanza ikaikataa disketi. Ya pili ikaikataa. Ya tatu pia. Nilitoka jasho, nikamgombeza mwenye duka wa watu, maskini, asiye na kosa.

Kosa lilikuwa langu. Ule mpira ulikizuia kichwa kufika mahali pake pa kuanzia. Mashine yangu iliandika pembeni kidogo na kusoma palepale pembeni. Ilijielewa yenyewe tu; mashine nyingine zilitafuta maandishi mahali pake pa kawaida, zisiyaone.

"Mzee, tungoje, nirudi nyumbani niibebe kompyuta yenyewe," nilisema.

"Saa imefika," alijibu. Akaichukua disketi, akaitia mfukoni, akaenda.

Nilimngoja nje ya ofisi ya mahojiano, chini ya dirisha lililo wazi. Nikamsikia akianza na jina la mkewe. Nikaenda hadi langoni, nikarudi, nikaenda tena. Kila niliporudi alikuwa bado anasema, na sauti ilikuwa imepungua. Alipotoka hakunikemea. Aliomba maji tu. Afadhali angenipiga.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi sikukatazi kufungua vitu, asiyefungua hajifunzi. Lakini kikishatulia mikononi mwako usiseme kimepona. Kipeleke kwa mwingine, kijaribu kwa maneno yako mwenyewe, yale ambayo yakipotea utacheka. Ya mtu aliyekuamini yaje mwisho. Haraka yangu niliiona ujuzi, na majuto ni mjukuu, nami ninaye mpaka leo.

Mungu akupe mikono yenye subira kuliko yangu. Na akuepushe, mwanangu, na siku ya kusimama chini ya dirisha ukisikiliza mtu mwingine akilipia kosa lako kwa kinywa chake. Amina.