Vifungo vya Gauni la Mama

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa vifungo vya gauni la mama. Vilikuwa vinne vyeupe, isipokuwa cha pili kutoka juu, ambacho kilikuwa cha buluu kwa sababu kile cha awali kilipotelea shambani. Kama ningesimama pale ndani dakika tano tu, pengine leo ningekuwa na habari nyingine ya kukupa.

Juzi uliniuliza kwenye simu, wewe ambaye sikukuzaa ila nakuita mwanangu, kama mama yako, kwa umri wake, akatwe titi au mumwache apumzike. Ukaniambia ninyi watoto mmekutana mara mbili na hamjaelewana. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Mawazo yangu yalikuwa yamerudi kwetu Bukhayo, karibu na mpaka wa Uganda, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, na kichwani nilikuwa na kofia yangu.

Kofia hiyo lazima niieleze, ilikuwa ya kazi. Nilikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya reli ya Malaba. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba za mabehewa yaliyovuka kwenda Uganda na yaliyorudi. Nilikuwa kijana wa tai, kalamu mbili mfukoni, na Kiingereza cha kutosha kuwaudhi watu. Wazee wakinisalimu njiani, naitikia huku baiskeli inakwenda. Baba alikuwa amefariki, na ndugu zangu wa kiume hawakufika utu uzima, kwa hiyo nilifanywa mwenye boma kabla sijajua boma ni kitu gani. Mama alikuwa amekaribia miaka sabini kwa kukisia. Mimi nilikuwa kitindamimba wake.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mvule ambao baba aliukuta mdogo akaulinda usiliwe na ng'ombe mpaka ukawa mti wa kutazamwa. Mimi nilikuwa najenga nyumba Malaba na nilitaka mbao za milango. Nikangoja mama aende soko la Busia, nikawaleta wapasua mbao. Aliporudi na kikapu kichwani, mvule ulikuwa chini. Hakupiga kelele. Alikizunguka kisiki mara moja, akaingia ndani, na hakunikaribisha chakula. Nilirudi kazini nikijua nimemkosea, na kwa kuwa nilijua, nikakasirika mimi.

Baada ya wiki mbili akanitumia ujumbe nije Jumapili, peke yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, uso umechoka.

"Funga mlango, papa," aliniambia. Unajua kwetu mama humwita mwanawe wa kiume papa, hata akiwa amemkasirikia.

Nilifunga. Akainua mkono, akaanza kufungua vifungo vya gauni.

Wewe ulizaliwa mjini, labda hukuambiwa. Kwetu mama akimfunulia mwanawe mtu mzima titi alilomnyonyesha, hiyo ndiyo laana yenyewe. Haihitaji maneno, wala haina dawa. Na mimi kisiki cha mvule nilikuwa nimetoka kukipita hapo nje. Kifungo cha kwanza kikafunguka, kikafuata kile cha buluu. Nilijifunika uso kwa kofia, nikapapasa mlango, nikatoka mbio kama mwizi wa kuku.

"Ngoja, papa!" nilimsikia. "Ngoja uangalie!"

Nilidhani anataka laana inishike barabara. Nilipanda baiskeli, na sikugeuka nyuma mpaka Malaba.

Miezi sita sikukanyaga nyumbani. Tairi likipasuka, ni laana. Nikipata homa, ni laana. Nikikosea namba ya behewa, basi nani mwingine wa kulaumiwa kama si mama? Emojong, mzee wa Kiteso kutoka upande wa Kocholia ambaye nilifanya naye kazi, aliona nilivyokonda. Aliniambia, "Barasa, wewe enda kwa mama yako. Mama haiko simba." Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi. Uoga ukivaa tai, mwanangu, hujiita kazi.

Ndipo mto Nzoia ulipofurika. Dada yangu Nekesa, aliyeolewa Budalang'i, akafukuzwa na maji pamoja na watoto wake, akakimbilia kwa mama. Siku ya tatu akamsaidia mama kuoga. Siku ya nne alikuwa mbele ya meza yangu stesheni, miguu imejaa vumbi, na makarani wenzangu wote wanasikiliza.

"Wewe ni mtu gani?" alinifokea. "Mama iko na kidonda kwa titi, inanuka, na wewe unakaa hapa unaandika gari moshi?"

Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba mama alinilaani.

"Nani alikulaani? Alikuwa anakuonyesha uvimbe! Dresa ya zahanati, ile ya kufunga vidonda, ilimwambia alete kijana yake haraka. Mimi nilikuwa mbali. Sasa angeonyesha nani, ng'ombe?"

Nilichukua kofia, kisha nikaiacha juu ya meza, kisha nikarudi kuichukua. Akili ilikuwa imenihama.

Tulimpeleka mama hospitali ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Alikaa nyuma ya baiskeli juu ya mto wa kulalia, mimi nikiisukuma, Nekesa akimshika kiuno. Alikuwa mwepesi, na wepesi wake ulinitisha kuliko kidonda, maana kidonda nilikuwa bado sijakiona. Njia nzima hakuniuliza nilikuwa wapi miezi sita. Aliniuliza tu kama huko Malaba napata maziwa.

Daktari alimpima nyuma ya pazia kwa muda mrefu. Alipotoka alizungumza nami kwa Kiingereza, kwa kuwa niliona fahari kumwanza kwa Kiingereza. Ni kansa, alisema, tena ya ile inayokimbia. Ilikuwa imeshaingia kwapani. Angeweza kulikata titi, halafu mama apelekwe Nairobi kwa wiki kadhaa akachomwe kwa miale. Huenda ingemwongezea muda. Huenda, kwa umri wake na moyo wake uliochoka, asiamke mezani. Alisema hawezi kuniahidi lolote.

Mama alikaa hapo akitutazama midomo. Sikumtafsiria hata neno moja. Nilisema akatwe, na akatwe kesho.

Nikwambie ukweli ambao sijawahi kuwaambia wanangu? Sikusema vile kwa ajili yake. Nilitaka kile nilichokifanya kikatwe, kitupwe, nisikione tena. Kisu nilikitaka mimi, na mwili ulikuwa wa mama.

Muuguzi akaleta karatasi na kidau cha wino. Niliushika mkono wa mama nimpigishe dole gumba. Akakikunja kidole ndani ya ngumi. Nilijaribu kukifungua taratibu, na yule bibi mwepesi akanishinda nguvu.

"Wino huu ni wa nini?" aliniuliza kwa lugha yetu.

"Ni wa hospitali, mama. Utapona."

"Nani amesema nitapona?"

Daktari hakuijua lugha yetu, lakini ngumi aliielewa. Akaniweka kando kwa mkono, akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, umeambiwa nini?"

"Mimi sijaambiwa kitu," mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hawa watu naongea juu yangu kama mimi ni mzigo ya gari moshi."

Yule daktari alivuta kiti, akakaa mpaka magoti yake yakakaribia magoti ya mama. Akaanza upya, polepole, Nekesa akitafsiri. Mama naye alikuwa na maswali ambayo mimi na Kiingereza changu hatukuyafikiria. Kidonda kitaacha kunuka? Huko Nairobi nitaongea na nani? Nikifia huko, watanirudisha vipi? Nikibaki nyumbani, maumivu yatakuwa ya namna gani? Daktari alimjibu yote, hata lile la mwisho, na hakulipaka sukari. Alisema yatakuwa makali, na kwamba atampa dawa za kuyapunguza. Mama akashukuru, akaomba siku tatu, nasi tukamrudisha nyumbani.

Siku ya tatu alituita.

"Mimi nitabaki hapa," alisema.

Nililia. Nilimsihi. Nikamwambia siku hizi kuna ujuzi, kwa nini akatae kukatwa? Alinitazama bila hasira yoyote, na heri angekuwa nayo.

"Sikukataa kukatwa, papa. Siku ile niliyokuita nilikuwa nimekubali. Nguo zangu za safari nilikuwa nimezifunga. Uvimbe ulikuwa kama punje ya njugu, na dresa alisema wakiwahi wanaweza kuutoa. Nilitaka tu uuone, ndipo unipeleke. Sasa umeenda mbali, na mimi nimechoka. Hizi siku zilizobaki nataka nizikae kwangu."

Mwanangu, nimezika mke, nimezika na mtoto mmoja. Hakuna neno lililonikaa kifuani kama hilo.

Nilimpelekea daktari jibu, naye hakutufukuza. Alitupa dawa za maumivu na kumfundisha Nekesa namna ya kusafisha kidonda. Niliomba ruhusa kazini kila nilipoweza. Nekesa alimwosha mama, na mimi nilichemsha maji, nikafua vitambaa nje na kuvianika juani. Majirani walishangaa kumwona karani akifua. Niliwaacha washangae. Maumivu yalikuja kama daktari alivyosema, na zipo siku mama alilia mpaka nikatamani kumbeba kwa nguvu hadi Nairobi. Sikumbeba.

Alasiri moja aliniita ndani. Nekesa alikuwa anabadilisha kitambaa, akaharakisha kumfunika.

"Mwache," mama akasema. "Vua kofia, papa. Siku ile nilikuambia uangalie."

Nilivua, nikaangalia. Sitakueleza nilichokiona. Niliangalia mpaka machozi yakanizuia, nikayafuta, nikaangalia tena.

"Kifua hiki kilikunyonyesha," alisema. "Hakijawahi kukulaani. Hata kwa ule mti."

Akanivuta karibu, akanitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki.

Alifariki wakati wa kuvuna mtama. Mbao za mvule zilikuwa bado zimerundikwa chini ya paa la stoo, zimekauka vizuri. Fundi akamfanyia jeneza, na zilitosha.

Basi swali lako. Sijui kama mama yangu angepona kama ningeangalia mapema. Nimelala na jambo hilo zaidi ya miaka hamsini na bado silijui. Wala sikwambii mama yako akatwe, au asikatwe. Dawa za leo si za siku zile, na wapo akina mama wazee waliokatwa na wanalima mpaka sasa. Ninachokwambia ni kwamba mmekutana mara mbili, na katika maelezo yako yote sijasikia kwamba yeye alikuwepo.

Nenda kwake wiki hii. Mkae mbele ya daktari, na daktari aongee naye, si nawe. Mwache aulize, hata maswali unayoyaona madogo. Kama anaogopa, usimcheke, na kama wewe una hatia yako, usimtie yeye wino kwa ajili ya hatia hiyo. Akisema ndiyo, mpeleke upesi, maana ugonjwa ule haungoji vikao vyenu. Akisema hapana, muulize tena siku nyingine kwa upole, na kama bado ni hapana, chemsha maji, ufue vitambaa. Kwa lolote atakaloamua asikukose.

Mungu akupe moyo wa kuangalia, mwanangu, na ampunguzie mama yako maumivu. Mikono yako isichoke kabla yake. Na siku akikuita akakwambia funga mlango, ufunge ukiwa ndani.