Uongo Nilioupigia Kelele Kisimani

Nafundisha fizikia sekondari huku Nyaishozi, lakini likizo ile nilikuwa Nyakatuntu kwa wakwe zangu. Baba mkwe alikuwa anachimba kisima nyuma ya migomba, ameshafika kina cha watu wanne. Mimi na wifi yangu tulikaa juu, tukivuta ndoo za udongo kwa kamba.

Ubavuni mwa kisima alikuwa amejichimbia pango la kujibanza mawe yakianguka. Ila alijibanza kwa mawe makubwa tu.

"Kubwa ardhi inalivuta kwa nguvu, linakuja mbio," alisema siku moja tukila. "Dogo linachelewa. Nalitazama, nalikwepa."

"Nisamehe, Baba. Kubwa linavutwa zaidi, kweli, lakini nalo ni zito zaidi kusogea. Yote mawili yanafika pamoja."

"Wewe umefundishwa na vitabu, mama. Mimi nimefundishwa na visima."

Mke wa mtoto hambishii baba mkwe mara mbili.

Siku yangu ya tano pale, kamba ilisugua ukingo na udongo ukaanza kumeguka. Nikaliona jiwe la ukubwa wa ngumi likilegea upande wa pili, mbali na mkono wangu. Nikisema ni dogo, atainua uso alitazame.

"Kubwa, Baba! Kubwa linakuja!"

Likaporomoka. Chini kukasikika kishindo, kisha kimya. Wifi akapiga magoti ukingoni, akamwita baba yake kwa Kinyambo, "Tata! Tata!" Hakuna jibu. Akaita tena.

"Nipo," sauti ikatoka pangoni.

Tulipompandisha, alikuja na jiwe mkononi na ndoo ya plastiki iliyopasuka hadi kitako. Ndoo hiyo ilikuwa miguuni pake alipokuwa akichimba.

"Ulisema kubwa."

"Nilikudanganya, Baba."

Wifi akainamisha uso. Baba mkwe akaketi juu ya udongo, jiwe likiwa bado mkononi.

"Na jiwe," akauliza taratibu, "lenyewe linaivuta ardhi?"

"Linaivuta, kwa nguvu ileile. Ila ardhi ni nzito mno, hatuwezi kuiona ikisogea."

Kesho yake alituamuru tusafishe ukingo hatua tatu kila upande, hata kokoto isibaki.

Maji waliyapata mwezi uliofuata, nimesharudi shuleni. Wifi alinipigia simu. Alisema yana chumvi kidogo, lakini yanafaa.