Chumvi ya Ng'ombe Kichwani mwa Bibi Harusi

Kichwa changu kiliachana na nywele zamani, nikiwa bado na meno yangu yote, kwa hiyo mtu mwenye akili angeuliza nilikuwa natafuta nini kwenye bakuli la dawa ya nywele za mjukuu wangu. Nimejiuliza hivyo hivyo tangu mwaka juzi. Jibu ninalo, ila halinipendezi: nilikuwa nasaidia.

Mjukuu huyo tulimlea mimi na mke wangu hapa Nanyala, kwenye kahawa na mahindi, tangu akiwa mdogo. Shuleni alinyolewa kama wasichana wenzake wote, maana ndiyo sheria ya shule zetu. Siku aliyomaliza kidato cha nne alirudi nyumbani, akavua sketi ya shule, akajitazama kwenye kioo na kutangaza kwamba kuanzia leo mkasi usimsogelee. Akaapa na kingine juu yake: siku ya sendofu yake, siku ya kuagwa na ukoo, atasimama mbele ya watu na nywele zilizoota kichwani mwake mwenyewe, bila wigi, bila rasta, bila kuongeza hata unyoya.

Wakati huo hakuwa na mchumba wala dalili ya mchumba.

"Mke mwenzangu," bibi yake akamwambia, "tafuta mume kwanza, nywele zitakukuta njiani."

Kwetu babu humtania mjukuu wa kike kwa kumwita mke wake, na bibi humwita mke mwenza. Ndiyo kusema nyumba yangu ilikuwa na wake wawili na mume mmoja ambaye hakuna aliyemsikiliza.

Sijawahi kuona mtu akifuga kitu kwa bidii kama yule binti alivyofuga nywele. Ng'ombe wangu hawakuwahi kupata matunzo hayo, na nasikitika kusema hata watoto wangu. Kila Jumamosi aliziosha. Hakuzichana zikiwa kavu hata siku moja. Alizilowesha kwanza, akachukua chanuo la meno mapana, akaanzia kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea kichwani. Nilimuuliza kwa nini asianzie juu amalize haraka. Akasema ukianzia juu unasukuma mafundo yote chini, halafu unayang'oa pamoja na nywele. Hakutaka dawa ya kulainisha. Hakutaka kusukwa rasta za kukaza mpaka nyusi zinapanda, akisema ndizo zinazowamaliza wanawake nywele za mbele. Alizifunga kwa uzi mweusi ili zinyooke bila moto, akapaka mafuta ya nyonyo kwenye ncha, na kulala amefunga kilemba cha satini. Foronya yetu ya pamba aliituhumu kwamba inakunywa mafuta ya kichwa chake.

Hata ule mkasi alikuja kuuruhusu, kidogo tu, kuondoa ncha zilizopasuka. Hapo nilimwelewa vizuri, kwa sababu mti wa kahawa usiopogolewa nao huwa unajichosha bure. Kuanzia siku hiyo nikajihesabu kuwa mtaalamu.

Kila baada ya wiki kadhaa alitengeneza uji wake: parachichi lililoiva, kiini cha yai, asali na mafuta ya nazi. Aliupaka kichwa kizima, akavaa kofia ya nailoni, akakaa juani uani. Mke wangu alilalamika kwamba nywele zinakula vizuri kuliko mgeni. Lakini zilikua. Zilifika mabegani, zikapita, zikaanza kushuka mgongoni, na mchumba naye akapatikana.

Alikuwa kijana wa Kisukuma, ambaye watu wake walihamia na mifugo yao bondeni Momba, upande wa Ivuna. Mahari ikapanda mlima kwa lori, na ndani yake mlikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake aliyekuwa ameanza kula majani. Ng'ombe yule tulimfunga nyuma ya nyumba. Ndama tulimwacha bila kamba, maana hakwenda mbali na mama yake. Mshenga, mjomba wa kijana, mtu mpole mwenye kofia kubwa, akaniletea na kiroba cha chumvi ya kwao, ile ya kijivu yenye udongo.

"Walambishe hii, mzee," akaniambia. "Ndiyo inayowang'arisha manyoya."

Nikatazama ubavu wa yule ng'ombe. Uling'aa kama kiatu cha polisi. Laiti ningetazama pengine.

Wiki ya sendofu akaja shangazi mtu, yaani binti yangu mkubwa, ambaye anauza vipodozi Tunduma. Alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na wigi alilonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, refu na jeusi kama mkia wa farasi.

"Hebu geuka nikuone," akamwambia mjukuu wangu. "Mh! Ndefu ni ndefu, lakini zimepauka kama mabua."

"Ni vumbi la barabarani, shangazi."

"Kamera haijui vumbi. Vaa hili, mwanangu, utanishukuru."

"Sivai."

"Basi ukumbini tutasema bibi harusi katoka kupura maharage."

Niliona kidevu cha mjukuu wangu kinacheza, kama alipokuwa mdogo na anajizuia kulia. Akazishika nywele zake, akazitazama ncha moja moja, kisha akasema polepole, "Kesho naweka parachichi. Zisipong'aa, nitavaa."

Usingizi wangu uliharibika. Miaka yote ile ya uzi na satini, halafu ashindwe na mkia wa farasi! Asubuhi nilikwenda kuwapa ng'ombe chumvi, nikauona tena ule ubavu mwekundu unavyometa, na wazo likaniingia kwa kishindo. Manyoya ni nywele. Chumvi inang'arisha manyoya. Mimi nina elimu ya sekondari, na hesabu ya namna hiyo hainishindi.

Alipoacha bakuli jikoni na kwenda kutafuta kofia yake, nilitia ngumi moja ya chumvi niliyoisaga kwenye jiwe, nikakoroga. Uji haukubadilika sura. Nikatia ngumi ya pili, kwa ajili ya picha.

Akajipaka, akaenda kukaa uani. Baada ya muda akaniita.

"Babu, leo inawasha."

"Inafanya kazi hiyo," nikamjibu.

Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujichapa.

Mwasho ulipomzidi akaivua ile kofia ya nailoni, akaegemeza kichwa nyuma ya kiti, nywele zikaning'inia hewani, akaweka vile vidude vya muziki masikioni. Jua lilikuwa zuri. Akapitiwa na usingizi. Mimi nilikuwa ndani najipongeza.

Niliposikia kelele nilidhani ni nyoka. Kufika uani, nikamkuta mjukuu wangu amesimama, kichwa amekiinamisha upande, na ndama wa mahari amemshika nywele kwa mdomo. Alikuwa ameshamaliza kulamba, sasa anatafuna. Alitafuna macho yakiwa yamefumbwa, kwa utulivu, kama mzee wa kanisa anayesikiliza kwaya. Nilimvuta mkia. Mke wangu alimpiga kwa kanga. Shangazi alimpiga kwa wigi. Hatimaye akaachia, lakini si zote, na alichobaki nacho mdomoni akakimeza mbele yetu.

Juu ya sikio la kushoto palikuwa pamebaki visiki. Zilipooshwa tukaona balaa jingine: chumvi ilikuwa imezikausha, na zile zilizoponea mdomoni mwa ndama zikawa zinakatika kwenye chanuo, hata lile la meno mapana.

Mshenga alifika mchana huo huo kuulizia habari za magari ya wageni wao. Masikini, hakupewa hata kiti.

"Ng'ombe wenu kamla bibi harusi!" shangazi akamwanza.

Mshenga akavua kofia. "Kamla wapi?"

"Kichwani! Huo ni mkosi. Mchukueni ndama wenu, mtuletee mwingine mwenye adabu."

"Lakini shangazi, tulishakabidhi. Mlimkagua wenyewe, mkasema mzuri."

"Hamkusema anakula watu."

"Mamaye hali watu," mshenga akasema kwa unyonge. "Labda kajifunzia hapa kwenu."

Mke wangu alitaka kucheka, akajizuia kwa kanga. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, taulo mabegani. "Mwacheni mjomba," akasema. "Kosa ni langu. Nadhani nilizidisha yai. Shangazi, niletee hilo wigi nilijaribu."

Akanyoosha mkono kulipokea. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikinyamaza, ataingia ukumbini na mkia wa farasi, akiamini miaka yote kwamba alijiharibu mwenyewe.

"Mke wangu," nikamwambia mjukuu, "si yai. Mimi niliweka chumvi."

Wote wakanigeukia.

"Chumvi gani?" bibi yake akauliza.

"Ile ya ng'ombe."

"Umemtia mtoto chumvi ya ng'ombe?"

"Nilitaka zing'ae."

"Ngumi ngapi?" mshenga akauliza, kwa sauti ya mtu anayejali mifugo.

"Mbili."

"Hiyo ni ya ng'ombe mzima, mzee!"

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini na wigi lake. Mke wangu akaniuliza kwa nini sikuongeza na ndimu nimchome kabisa kama mishikaki. Mshenga naye akacheka kwa kuona ndama wake amesafishika. Asiyecheka alikuwa mmoja. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikamfuata, nikasimama nje ya mlango ule kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Nisamehe, mke wangu."

Nikasogeza mdomo karibu na ufa wa mlango.

"Nilidhani nakusaidia."

"Babu, ungeniuliza," akasema kutoka ndani, na sauti ilikuwa imelowa. "Ungeniuliza tu. Ningekwambia chumvi inakausha."

Alisema kweli tupu. Katika maisha yangu nimewasaidia watu wengi bila kuwauliza, na sikumbuki hata mmoja aliyenishukuru.

Baada ya muda akasema, "Niletee mkasi."

Nilikwenda mbio. Mkasi wa nyumbani sikuuona, nikarudi na nilioupata, nikaupenyeza mlangoni. Halafu nikasikia kicheko kidogo, cha mtu ambaye hataki kucheka.

"Babu! Huu si wa kupogolea kahawa?"

"Ndio wenye makali kuliko yote hapa nyumbani."

"Ondoka. Mwite bibi."

Bibi yake akamnyoa kwa mkasi wa kawaida, aliouazima kwa jirani. Shangazi alisimama pembeni na wigi, akibembeleza mpaka dakika ya mwisho. "Mwanangu, hizi fupi ni za mtoto wa shule."

"Ni zangu," mjukuu wangu akamjibu. "Niliapa nitavaa zangu. Urefu sikuutaja."

Alisema hivyo, lakini nilimwona alivyoziokota zile ndefu sakafuni na kuzikunja kwenye kitambaa cha satini. Zilikuwa za miaka. Sitajidanganya kwamba alifurahi.

Siku ya sendofu aliingia ukumbini na nywele fupi, zimelingana pande zote, zimepakwa mafuta kidogo. Minong'ono ilipita meza hadi meza. Ukafika wakati ambapo bibi harusi huzunguka kumtafuta mchumba wake kati ya wageni, amlete mbele. Alimkuta nyuma kabisa, katikati ya wajomba. Kijana akasimama, akamtazama kichwani, akatazama tena. Hakuna aliyekuwa amempa habari. Mshenga alisema hakujua aanzie wapi.

"Nywele zako ziko wapi?" akauliza, na kipaza sauti kilikuwa karibu mno.

"Ziko tumboni mwa ndama wenu," akajibu.

Kijana akawaza kidogo. "Basi aongezwe kwenye mahari," akasema, na wajomba wake wote wakapiga meza kwa furaha, ingawa mpaka leo sijaelewa nani angemlipa nani.

Mshereheshaji akaona watu wamechangamka, akaendelea. "Jamani, bibi harusi kapendeza, kang'aa! Aliyemtengeneza nywele asimame tumpigie makofi!"

Wanawake wakatazamana. Bibi yake, ambaye ndiye aliyeshika mkasi, akanipiga kiwiko ubavuni. "Simama. Si wewe fundi?"

Nikasimama. Nikavua na kofia, kwa heshima. Ukumbi mzima ukakiona kichwa changu chini ya zile taa, na kicheko kilichozuka sijawahi kukisikia hata harusini. Nikabaki nimesimama hivyo, sijui nikae au nitoke nje, mikono nimeishusha kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mjukuu wangu akamwacha mchumba wake mbele, akakata katikati ya meza mpaka nilipokuwa. Akanishika bega.

"Kaa chini, mume wangu," akasema taratibu, ili nisikie mimi tu. "Bado nimekukasirikia. Lakini kaa, keki inakuja."

Nikakaa.